Uchumi wa buluu upi?

Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu "uchumi wa buluu", maneno yasiyokosekana siku hizi kwenye hotuba yoyote inayogusa bahari. Mimi ni mchuuzi wa samaki. Nanunua soko la samaki la Feri, nauza Tandika, kwa hiyo jambo hili linanihusu moja kwa moja.

Kila anayeyatamka ana lake. Mwekezaji anawaza hoteli ya ufukweni, mtu wa bandari anawaza makontena, wa nishati anawaza gesi ya bahari kuu huko Lindi na Mtwara. Mama wa Paje, Zanzibar, anawaza mwani anaoulima. Hata asili yake si moja. Mbelgiji Gunter Pauli alipotoa kitabu chenye jina hilo mwaka 2010, hoja yake kubwa ilikuwa kuiga maumbile na kugeuza taka kuwa malighafi. Mwaka 2012, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Rio de Janeiro, nchi za visiwa vidogo zikayashika maneno hayo kudai bahari yao ihesabiwe kwenye maendeleo. Zanzibar nayo tangu 2020 ina wizara kamili ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi.

Upana huo haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba shughuli hizi zinagombania maji yaleyale na fukwe zilezile, na jina moja linaficha ugomvi. Hoteli ikizungushia ufuo ukuta, ngalawa itaegeshwa wapi? Mikoko ikikatwa kupisha ujenzi, kamba na samaki wachanga wanakosa pa kukulia. Yote mawili yanaweza kuitwa uchumi wa buluu, na anayeumia haonekani.

Sisi wa Feri, kwa mfano, tunaumia kwenye barafu. Njoo alfajiri mnada ukiwa umepamba moto: dalali anapandisha bei ya fungu la changu, kina mama wa kukaanga wamejikusanya kwenye vibua, na pembeni mtu anahangaika na jodari aliyeanza kulegea kwa sababu barafu haikutosha. Samaki huyo alikuwa mzima boti ilipotia nanga. Saa mbili baadaye anauzwa kwa bei ya kutupa, na hasara ni ya mvuvi. Msimu wa kusi ni mbaya zaidi, maana vyombo vidogo vingi havitoki na kila samaki anayepatikana ana thamani kubwa. Sijasikia hotuba ya uchumi wa buluu iliyotaja barafu.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu: kiongozi au mwekezaji akiyatamka maneno hayo, msiyaandike hivihivi. Mumuulize ni shughuli gani, maji ya wapi, nani atapata kazi na nani ataondolewa. Kisha muwatafute viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii cha kusimamia rasilimali za uvuvi) wa ufuo husika, ambao sheria inawatambua kusimamia uvuvi wa eneo lao, na wahojiwe kabla uamuzi haujatangazwa.

Mchuuzi wa samaki,
Tandika, Dar es Salaam