Barua ya wazi kwa wazazi mliowapangishia watoto mageto

Wazazi wenzangu wa kata yetu,

Wakubwa wangu mliobaki, shikamooni. Wengine nawasalimu.

Wiki iliyopita nilikwenda mjini kufuatilia mbolea ya ruzuku. Mvua ikanikuta nyuma ya stendi, nikajibanza kwenye baraza ya watu. Aliyenifungulia mlango ni mjukuu wa jirani yangu, yuko kidato cha pili. Kumbe hilo ndilo geto lake, chumba alichopangishiwa akae bila mzazi siku za masomo. Ndani mlikuwa na godoro chini, ndoo, jiko la mkaa na unga usiofika robo debe. Komeo la mlango ni msumari uliokunjwa. Nikamuuliza chumba cha pili anakaa nani.

"Kaka wa bodaboda, babu. Ndiye hutukopesha mafuta ya kula."

Usingizi ulinipaa usiku ule.

Mwaka 2006 tulipojenga shule hii ya sekondari wanayosoma, tulisomba mawe na mchanga kwa vichwa vyetu. Wake zetu walichota maji ya zege bondeni, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Leo boma la hosteli limeishia kwenye lenta, mpapai umeota ndani na umeshazaa. Mkiitwa kuchangia bati, mnajibu elimu ni bure. Bure hiyo ilikuja 2016 ikafuta ada, shilingi 20,000 kwa mwaka. Hosteli haikuwamo! Harusi ya juzi mlichinja ng'ombe wawili na muziki mkauleta kutoka mkoani. Halafu binti akirudi na mimba, mnamtandika yeye na mama yake. Chumba kile kodi alilipa nani?

Wanangu, siwachukii. Watoto hawa nawaona wakipita kwangu Jumapili jioni, mzigo wa kuni kichwani, daftari kwapani, na roho inaniuma.

Tangu mwishoni mwa 2021 Serikali imeruhusu aliyejifungua arudi darasani. Mnaowaficha jikoni, wapelekeni. Mahindi ya chakula cha mchana toeni. Vikao vya shule hudhurieni, kina baba pia.

Nanyi viongozi, kila uchaguzi mnapiga picha mbele ya boma lile. Safari hii njooni na misumari.

Jumamosi saa mbili asubuhi nitakuwa pale na panga langu. Mpapai nitaukata mwenyewe. Fundi amekubali kupiga kenchi kwa chakula tu, mbao zikipatikana. Mwenye mti wa kupasua aje aniambie kabla ya Ijumaa.

Babu yenu,
mjumbe wa kamati ya ujenzi ya mwaka 2006