Mdogo wangu, hiyo si shoto

Mdogo wangu,

Jumapili mlipocheka kwamba mwanao atakuwa mashoto, mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimemwekea kijiko kuliani, karibu kabisa na ngumi yake. Akazungusha mkono wa kushoto hadi huko kukifuata. Wa kulia haukukunjuka, dole gumba limefichwa ndani. Ana miezi saba. Mtoto wa umri huo hushika kwa mikono yote miwili. Akianza kuubagua mmoja kabla ya mwaka, apelekwe kwa daktari.

Nikakumbuka na ile siku ya tatu baada ya kujifungua, mkono huohuo ulipotikisika wenyewe, mama mkwe akasema ni degedege, akachoma mavumba.

Nahofia alipata kiharusi. Najua, kwetu hilo ni gonjwa la wazee wenye presha. Lakini mtoto anaweza kulipata hata akiwa tumboni. Uzazi ukikaribia, damu ya mama huganda upesi zaidi, ili asivuje sana akijifungua. Kibonge cha damu iliyoganda kikijitenga kwenye kondo la nyuma, hupita kitovuni, huvuka kitundu ambacho kila moyo wa mtoto tumboni unacho, kikapanda ubongoni. Kikiziba upande wa kushoto, mkono wa kulia ndio unaolegea au kukakamaa.

Yanayoongeza hatari ni mengi: presha ya mimba, uchungu uliochukua muda mrefu, maambukizi ya kondo, moyo wenye kasoro, homa ya uti wa mgongo, mtoto kukaukiwa maji, damu ya kurithi inayoganda upesi. (Selimundu nayo imo, ila kiharusi chake kwa kawaida huja mtoto akishavuka mwaka.) Wewe ulikuwa na presha, na ilikuwa mimba ya kwanza. Hata hivyo, mara nyingi madaktari hawaoni sababu moja ya kunyooshea kidole. Kwa hiyo zile chipsi za usiku wanazokusimanga nazo, zitoe kichwani.

Bibi yake aache kumfunga kitambaa mkono wa kushoto. Ajabu ni kwamba wataalamu wa mazoezi ya viungo nao huuvika soksi mkono usio na shida ili ule mzito ufanye kazi, lakini kwa dakika walizopima wao, huku mtoto akicheza. Ubongo wake bado mbichi, unajifunza njia nyingine. Ndiyo maana sitaki tungoje afike mwaka.

Jumanne nakuja saa moja asubuhi. Beba kadi ya kliniki, na ile video ya mkono ukitikisika usiifute. Mama mkwe niachie mimi.