Barua kutoka Shella ya Malindi

Sahibu yangu,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kutoka Shella, lakini Shella ya Malindi, si hiyo yenu ya Lamu, ya mchangani. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, na anauliza ile halua uliyomwahidi tangu mfungo uliopita imepotelea bahari gani.

Siku ile ulipoiona picha niliyokutumia, ulicheka mpaka simu ikakatika. Ulisema hiyo ni pikipiki ya mtoto, au ya watu wa sarakasi. Haya, leo nimekaa nikueleze yote, maana nina ombi, na ombi lenyewe hutalielewa kama hujui nilikotoka.

Nilikwenda kutengeneza pampu ya maji kwenye nyumba moja ya zamani upande wa Casuarina. Walikuwa wanaezua makuti mabovu ya banda la nyuma, na chini ya ile takataka nikaona usukani umechomoza kama pembe za mbuzi. Nikauvuta. Kikatoka kipikipiki kizima, magurudumu yake hayazidi sinia, kimejaa kutu na viota vya nyigu. Mzee anayelinda pale alisema kimekaa hapo tangu yeye hajaoa, na sasa ana wajukuu. Wenye nyumba wakakubali nikichukue kama malipo ya pampu. Mke wangu hajalimeza hilo mpaka leo.

Nilipokifikisha mtaani, kila mtu alikuwa na jibu lake. Hapa kwetu unajua, chochote cha zamani kisicho na mwenyewe ni cha Mtaliano. Jirani yangu mmoja, aliyewahi kufanya kibarua Ngomeni, akaapa kwamba wahandisi wa San Marco, kile kituo cha Wataliano cha kurushia roketi, ndio waliokuwa wakivitumia, na kwamba hiki kilikuwepo siku waliporusha ile setilaiti ya Uhuru. Setilaiti ni kweli, ilirushwa kutoka kwenye jukwaa lao la baharini tarehe 12 Desemba 1970, siku yetu ya Uhuru, ndiyo maana ikapewa jina hilo. Lakini kipikipiki? Nilimuuliza alikiona kwa macho yake. Akasema aliviona “vya namna hiyo.” Nikamwachia na chai yake.

Mimi nilitaka kujua ni nini hasa, kabla sijagusa spana. Ukinunua spea kwa kubahatisha utafilisika. Hakikuwa na nembo. Kama ilikuwepo, mtu aliing'oa. Kimepakwa rangi kwa brashi mara tatu: buluu juu, kijani katikati, na chini kabisa nyekundu. Nikakumbuka fremu za vyombo hivi hugongwa namba, mara nyingi karibu na shingo ya usukani. Nikachukua kitambaa na tina ya kutolea rangi, nikasugua polepole. Msasa sikuthubutu, maana namba zenyewe hazina kina na kutu ilishazila. Kazi ya mchana mzima. Jua lilipopinda, mwanga ukaja kwa ubavu, nikaziona: Z50A, kisha kistari, kisha tarakimu. Ubavuni mwa injini nako kuna Z50AE.

Basi si Mtaliano. Ni Mjapani. Ni Honda, na watu wanaojua pikipiki wanaiita Monkey, yaani kima.

Asili yake ni mchezo kwelikweli, hapo hukukosea. Mwaka 1961 Honda walifungua uwanja wa michezo karibu na Tokyo, unaitwa Tama Tech, wakaunda vipikipiki vya cc 49 vya watu kuchezea humo. Mtu mzima akikipanda, magoti yanamfika viwikoni, anaonekana kama kima juu ya tawi, na jina likaganda hapo. Watoto wa mtaani kwangu, bila kuambiwa na mtu, walishakiita Kima wa Gede. Baadaye wakavitengeneza vya kuuza. Z50M ya mwaka 1967 ina magurudumu ya inchi 5; Z50A ya 1968 ikapata ya inchi 8, ndiyo hii. Usukani una vifundo viwili vya kuzungusha, ukivilegeza mikono inakunjika chini, kipikipiki kinaingia kwenye buti ya gari. Kwa hiyo aliyekileta huenda alikishusha kwenye gari, au kwenye mashua, Mungu ndiye ajuaye.

Umri nao ulijulikana kwa kutazama nyuma. Hiki hakina shokapu za nyuma kabisa. Gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye fremu, na kila shimo la barabara linakufika mgongoni. Vile walivyouza Marekani vilianza kupata shokapu za nyuma mwaka 1972. Basi changu ni cha mwisho wa miaka ya 60 au mwanzo wa 70. Jirani aliposikia hivyo alifurahi kama amepata cheti: “Si nilikwambia? Sabini!” Nikamwambia miaka inalingana, ushahidi haupo. Hatujasalimiana vizuri tangu hapo.

Sasa kazi. Kwanza niliigonga fremu yote kwa nyundo ndogo, kama ulivyonifundisha kugonga mbao za jahazi nikisikiliza penye kuoza. Bomba zima hulia. Bomba lililoliwa ndani hujibu kwa sauti ya chungu chenye ufa. Nilipata mahali pamoja tu, chini ya kiti, penye ukubwa wa kidole. Welda akaweka kiraka. Kwa chombo kilichokaa kwenye upepo wa chumvi namna hii, ile ni bahati.

Injini ilikuwa imeshika. Ukipiga kiki, mguu unarudi kama umepiga ukuta. Fundi mmoja wa bodaboda alitaka kuipiga pistoni kwa gongo la mbao. Nikamzuia. Nikatoa plagi, nikamimina dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi kwenye tundu lake, nikasubiri siku mbili. Wapi. Ndipo nikajiona mjinga: silinda ya Honda hii haisimami kama ya pikipiki nyingine, imelala karibu sawa na ardhi, kichwa kikitazama mbele. Oili yangu ilikuwa imetuama upande wa chini tu, upande wa juu mkavu. Nikakifunga kwa kamba kwenye nguzo ya mwarobaini, gurudumu la mbele juu, kimesimama kwa makalio, nikajaza tena. Wapita njia walidhani nimekinyonga. Kila jioni nikawa naweka spana kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito la ubavuni mwa injini, namsukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, bila nguvu. Siku ya tisa akatoa mlio kama mtu anayevunja muwa, akasogea upana wa ukucha. Sahibu, nilikaa chini nikacheka peke yangu.

Nilipofungua, silinda ilikuwa na alama za kutu, lakini si za kina. Imekwanguliwa kidogo tu, nikatia ringi mpya za pistoni. Kipenyo chake ni mm 39, sawa na ile Honda C50, kwa hiyo ringi zilipatikana Mombasa kwa mzee anayeuza spea za zamani, si Malindi.

Hapo katikati nikafanya kosa ambalo sitalisahau. Skurubu za ubavuni ni za nyota, nami nina bisibisi ya nyota nzuri tu. Ya kwanza ikaliwa kichwa. Ya pili ikaliwa kichwa. Nikazilaani skurubu, kumbe kosa langu. Nyota ya Kijapani ya zamani si sawa na nyota tuliyoizoea. Mashimo yake yamechongwa kwa kipimo chao, kinaitwa JIS, na bisibisi yetu haizami mpaka chini, inapanda juu na kusaga pembe. Nikachukua bisibisi kuukuu, nikaisaga ncha kidogo kwenye jiwe mpaka ikakaa sawasawa. Zilizobaki zikatoka zote. Zile mbili nilizikata kwa tindo, na makovu yapo, utayaona.

Tangi nililitia siki ya kupikia na kokoto za baharini, nikalitikisa kila nikipita, siku mbili. Nikalisuuza kwa maji ya magadi ili siki isiendelee kula bati, nikalikausha hapo hapo juani na kulitia oili kidogo. Ukichelewa saa moja tu na hewa yetu hii, kutu inarudi. Kabureta ilikuwa imejaa gundi ya petroli ya miaka hamsini. Vijitundu vyake ni vidogo kama tundu la sindano ya kushonea kofia. Nilivizibua kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Waya wa chuma ungevipanua, na hapo hesabu ya mafuta ingeharibika.

Platini, zile za kukatia umeme wa plagi, nilizipangusa, nikaweka nafasi ya mm 0.35. Plagi 0.6. Valvu 0.05 zote mbili, injini ikiwa baridi. Oili robo tatu ya lita na kidogo. Nikapiga kiki. Ya nne, kikakohoa. Ya saba kikawaka, kikatoa moshi mweupe wa ile dizeli, na nyigu wawili wakatoka kwenye ekzosi wakiwa wamekasirika. Niliyadhani yale matundu nimeyasafisha yote.

Taa ilinichekesha. Nilitia balbu ya bodaboda, ikatoa mwanga wa kibatari. Umeme wake ni volti 6, balbu ya volti 12. Bado natafuta balbu ya volti 6.

Tairi zilinisumbua zaidi ya injini. Anataka 3.50-8, yaani upana wa inchi tatu na nusu kwa rimu ya inchi 8. Ya tuktuk ni 4.00-8, inaingia kwenye rimu lakini inasugua madigadi. Ya toroli ya mjengo ni 3.50-8 hasa, na muuza duka alinisukumia kwa nguvu zote. Lakini ile imeundwa kubeba zege kwa mwendo wa mtu, si kukimbia barabarani. Nikasubiri wiki tatu, nikapata mbili za Vespa. Na uwaonye vijana wako: rimu hizi ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati. Toa upepo wote kwanza ndipo ufungue. Usipotoa, kipande kinaruka usoni.

Rangi ndiyo tuliyogombana nayo. Fundi wa spreya alitaka kukipiga nyekundu ya metaliki, king'ae kama gari la harusi. Nikakataa. Nilitoa ile buluu na kijani kwa kukwangua taratibu kwa kipande cha plastiki, siku kumi na moja usiku baada ya isha, na nyekundu ya kiwandani ikatokea kwenye tangi, imepauka, ina mikwaruzo, ina mahali goti la mtu fulani limeisugua mpaka bati. Nikaipaka nta nikaiacha. Fremu na madigadi vilivyokuwa vimeliwa nimevipiga rangi upya, kwa sababu chumvi haina adabu. Kromu nimesugua kwa maji na foili ya kufungia chakula, inatoa kutu bila kukwaruza. Kina mama wanaosugua sinia za shaba kwa ndimu na jivu walisimama kunitazama, wakasema nimechelewa kuolewa.

Sasa ombi. Bati la chini ya kiti limeoza lote, limebaki kama kimia. Fundi bati yuko tayari kunifulia jipya, lakini anataka kalibu ya mbao ya kufulia juu yake, kwa sababu bati lile halikunyooka. Limebinuka pembeni na lina bonde katikati. Hapa Malindi niliowaomba wamenichongea vitu kama vibao vya chapati. Nataka mkono wako. Mbao ngumu, mbambakofi ukipata kipande kilichobaki kwenye mlango wowote, maana itapigwa nyundo na laini itabonyea. Ndani ya bahasha nimekunja karatasi ya kaki niliyoipimia juu ya bati lenyewe. Mstari wa wino ndio ukingo, mstari wa penseli ndio bonde, na kina nimeandika kando kwa milimita. Usizungushe pembe za mbele zaidi ya hapo, kiti hakitafunga.

Ukimaliza usiitume kwa mtu. Vuka Mokowe, panda basi la asubuhi, uje nayo mwenyewe, na hiyo halua. Nitakupokea stendi kwa kipikipiki. Begi itabidi tuiweke kwenye tuktuk.

Wasalaam,
sahibu yako wa Malindi