Mikanda ya ng'ombe: msikimbilie arifa za simu

Habari za jioni, wafugaji wenzangu. Mikanda ya shingoni yenye vihisi, inayotuma arifa kwenye simu, ikishafungwa, msiitegemee wiki ya kwanza. Akili mnemba yake hujifunza kwanza kawaida ya kila ng'ombe, anatembea kiasi gani na anacheua muda gani, ndipo itambue amebadilika. Kazeni hadi kiganja kilicholala kipite tu. Mkanda ukilegea huzunguka, na kihisi hakisomi kucheua vizuri.

Siku ya josho, chanjo au kuhamishwa zizi, arifa za uongo za joto (yaani ng'ombe anataka dume) ni kawaida. Kwa hiyo nendeni bandani: angalieni ute mwangavu unaovutika, na kama anatulia akipandwa na wenzake. Akionekana na joto asubuhi, mhimilishaji (mtaalamu wa kupandikiza mbegu) aje jioni. Akionekana jioni, aje kesho yake asubuhi. Daftari la tarehe za joto msilitupe, kwani mzunguko wa joto ni siku 18 hadi 24.

Kucheua kukishuka ghafla bila dalili za joto, pimeni homa. Ikizidi nyuzi 39.5, daktari wa mifugo aitwe siku hiyohiyo. Akichomwa antibayotiki, maziwa yasiende kituo cha kukusanyia maziwa hadi siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe. Mkanda hauoni dawa kwenye maziwa, na ndoo moja inatosha kufanya tangi zima likataliwe.