Barua kwa mwanangu: Mfupa unavyogeuka jiwe

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza kwa nini Karamoja kuna visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka jiwe, na hapa kwetu Jinja mifupa huoza yote. Kinachotangulia ni kufukiwa haraka. Mnyama akifa akabaki juani, fisi na tai humla, mifupa hupasuka, kisha udongo wenye tindikali huyeyusha kilichobaki. Afunikwe upesi na tope, mchanga au majivu ya volkano, ndipo mifupa hupata nafasi ya kudumu.

Napak, mlima ulioko huko Karamoja, ilikuwa volkano, na majivu yake yalikuwa na chokaa nyingi, ambayo huzuia tindikali isile mfupa. Huko ndiko wataalamu wa visukuku Martin Pickford na Brigitte Senut walikopata, mwaka 2011, fuvu la Ugandapithecus, mnyama wa jamii ya sokwe aliyeishi miaka milioni 20 hivi iliyopita. Hata makombe ya konokono wa nchi kavu yamebaki.

Mfupa ukishafukiwa, maji ya ardhini hupenya kwenye vitundu vyake na kuacha madini ya chokaa au silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), kidogo kidogo, mpaka unakuwa mzito. Mti nao hugeuka jiwe hivyohivyo. Ukikatwa kipande chembamba na kutazamwa kwa hadubini, seli zake huonekana. Pengine kombe huyeyuka lote, likabaki tundu lenye umbo lake. Tundu hilo likijaa madini, unapata nakala ya kombe lisilokuwepo tena. Nyayo, mashimo ya wadudu na mavi yaliyogeuka jiwe ni visukuku pia, nami navithamini mno, maana humwonyesha mnyama akiwa bado anatembea, anachimba, anakula.

Ukiona mfupa umechomoza, tafadhali usiung'oe. Piga picha ukiwa umeweka rula kando yake, andika mahali na tabaka la mwamba. Tabaka likipotea, umri nao umepotea. Usiumwagie maji, kwani udongo wa mfinyanzi huvimba na kuupasua. Wataalamu huchimba pembeni mpaka mfupa usimame juu ya kishina cha udongo, wakaufunika kwa karatasi laini iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Karatasi ikisahaulika, plasta hushika mfupa wenyewe na kuubandua siku ya kuifungua. Plasta ikishakauka, hukata kishina na kugeuza mzigo wote juu chini.

Mwalimu wenu awapelekee habari watu wa makumbusho ya Kampala, pamoja na picha zako.

Ni mimi mama yako.