Masikio ya watoto wetu nayo yaandaliwe kwa mtihani wa Kiingereza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wazazi, walimu na wote wenye dhamana ya elimu, hasa huku kwetu Tanga. Mimi ni fundi wa redio, kibanda changu kipo Ngamiani. Si mwalimu wala sikufika chuo kikuu. Lakini kazi yangu ya miaka yote ni sauti, na hili ninalotaka kulisema kwa sehemu kubwa ni jambo la sauti.

Kila mwaka, kidato cha sita wakishamaliza mitihani yao ya Mei, huanza kunijia vijana wanaotafuta nafasi ya kusoma nje ya nchi. Wanaleta simu, wanaleta hedifoni. "Mjomba, hii imekufa, Kiingereza hakisikiki vizuri." Naipima, naiona nzima. Nikiwawekea kaswida kwa hedifoni hiyohiyo wanasikia kila neno. Watoto hawa wamesoma sekondari yote kwa Kiingereza, na wengine wana alama nzuri za kujivunia. Ila Kiingereza chao kimeingilia machoni. Masikioni hakikupita, kwa sababu hakuna aliyekipitisha huko. Ninachoomba ni kwamba kusikiliza kupewe kipindi chake shuleni, kupewe vifaa vyake, na mwisho wa safari kupewe alama zake kwenye mtihani wa taifa.

Nitoe mfano wa binti mmoja wa mtaani kwetu aliyetaka kwenda kusomea sayansi ya bahari. Chuo alichoomba kilimtaka afanye IELTS, mtihani wa Kiingereza ambao vyuo vingi vya Uingereza, Australia na Kanada huutaka kwa wanafunzi wanaotoka nchi kama yetu. Ada yake ni mamia ya maelfu ya shilingi, na kwa mtu wa Tanga ongeza nauli ya Dar es Salaam na mahali pa kulala. Mzazi wa kawaida hawezi kulipa hivyo mtoto akajaribu bahati.

Sehemu ya kusikiliza ina maswali 40 kwa muda wa kama dakika 30. Kwanza unasikia watu wawili wanazungumza mambo ya kawaida, tuseme mmoja anatafuta chumba cha kupanga. Kisha mtu mmoja anatoa maelezo, labda ya kituo cha michezo cha mji. Halafu wanafunzi wanajadiliana kazi ya masomo, pengine na mwalimu wao, na mwisho kabisa ni mhadhara wa chuo kikuu. Kila rekodi inapigwa mara moja tu. Wasemaji wanabadilika, huyu Mwingereza, huyu Mwaustralia, huyu wa Amerika ya Kaskazini. Ukisikia jibu sawasawa ukaliandika kwa tahajia mbovu, umelikosa.

Binti alikuwa hodari wa sarufi. Lakini rekodi ikitaja 15, yeye anaandika 50. Hapo ndipo ufundi wangu ulipopata kazi. Maneno yetu ya Kiswahili karibu yote yanaishia na irabu, na irabu ina nguvu, inafika mbali, hata spika iliyochanika huipitisha. Kiingereza kinaweka mzigo mkubwa wa maana kwenye konsonanti za mwisho: wingi, wakati uliopita, hata kukanusha. Tofauti ya 15 na 50 kwao ni n moja ya mwisho na mahali mkazo unapoangukia. Sauti kama s, f na th ni hafifu, na nguvu yake ipo kwenye masafa ya juu, hezi elfu kadhaa, yaani mitetemo elfu kadhaa kwa sekunde. Simu za mezani za zamani zilipitisha takriban kati ya hezi 300 na 3,400 tu, ndiyo maana mtu akikutajia jina herufi kwa herufi ulichanganya s na f. Sikio lililolelewa na irabu halina mazoea ya kuzisubiri sauti hizo ndogo, na kifaa kibovu au chumba kibaya kinazimaliza kabisa.

Naomba walimu wanivumilie hapa, maana nimeingia madarasa mengi kufunga spika na jambo hili limenikaa rohoni. Shule ikipata sabufa, inaiweka sakafuni kwenye kona, besi imepandishwa mpaka mwisho kama ya kupigia singeli. Darasa lina kuta tupu za saruji na bati lisilo na dari. Neno linatoka, linagonga ukuta, linarudi kulifunika neno linalofuata. Walio nyuma wanalalamika, mwalimu anaongeza sauti, na mwangwi nao unaongezeka. Punguza besi, pandisha trebo. Inyanyue spika juu ya meza ifike usawa wa vichwa vya waliokaa, isogeze katikati yao, tundika khanga au mikeka ukutani, na funga dirisha la upande wa bodaboda. Mambo hayo hayana gharama, na konsonanti zote zinarudi.

Baada ya kifaa kukaa sawa ndipo mazoezi yenyewe yalipoanza, alasiri baada ya alasiri. Binti alichukua rekodi fupi ya dakika mbili tatu. Kwanza anasoma maswali na kukisia jibu litakuwa la aina gani: namba, jina la mtu, mahali, siku. Kisha rekodi inapigwa mara moja hadi mwisho bila kusimamishwa, kama siku ya mtihani. Akishajibu, inarudiwa sentensi kwa sentensi, naye anaandika kila anachosikia. Ni imla tu, ileile tuliyofanya shule ya msingi. Halafu anafungua maandishi ya rekodi na kupiga mstari mwekundu kila mahali sikio lilipoteleza. Mwisho anasikiliza tena bila kutazama karatasi, mpaka yale maneno mekundu ayasikie.

Mistari ile ilisema mengi. Maneno aliyoyakosa si magumu hata kidogo, ni yale madogo ambayo Waingereza huyameza na kuyaunganisha na jirani zake. Akikutana nayo kwenye kitabu anayajua yote. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi. Akikosa jibu moja, akili inabaki palepale inalitafuta, na rekodi inaendelea, kwa hiyo kosa moja linazaa makosa matatu. Ilibidi ajifunze kuacha nafasi wazi na kusonga mbele. Hilo halifundishwi kwa maelezo. Linakuja kwa kulizoea, na ndiyo maana nasisitiza kipindi cha kila wiki shuleni, kwa sababu wiki chache za haraka kabla ya mtihani hazimzoeshi mtu jambo la namna hiyo.

Wenzangu wa umri wangu watakumbuka tulivyokesha na redio za masafa mafupi. Sauti ya Amerika ilianza mwaka 1959 matangazo ya Kiingereza cha polepole, chenye msamiati wa maneno kama 1,500, kwa ajili yetu sisi wageni wa lugha. Redio Tanzania nayo ilikuwa na vipindi vya shule, na darasa zima lilikaa kimya kuizunguka redio moja. Rekodi za polepole bado ni mlango mzuri kwa anayeanza. Ila asikae mlangoni, mtihani haumpunguzii mtu mwendo. Kijana asiye na fedha za bando apakue rekodi mara moja, aziweke kwenye memori kadi, azisikilize hata kwenye daladala.

Upande wa kusoma, tatizo ni saa. IELTS ya wanaokwenda chuo ina vifungu vitatu virefu na maswali 40 ndani ya dakika 60. Ukiwa unafanya kwa karatasi, kwenye kusikiliza unapewa dakika 10 za kuhamisha majibu, lakini kwenye kusoma huongezewi hata moja. Shuleni tumewazoesha watoto kusimama kwenye kila neno gumu na kufungua kamusi. Zipo pia zile kauli zinazotaka ujibu kweli, si kweli, au haikusemwa. Hiyo ya tatu inawaangusha wenye maarifa. Tuseme kifungu kinaeleza jinsi Mjerumani Richard Hindorf alivyouleta mkonge mwaka 1893, na kauli inasema mashamba makubwa yalikuwa Tanga. Mtoto wa Tanga, aliyepita katikati ya mkonge tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, ataandika kweli bila kusita. Kama kifungu hakikulitaja hilo, jibu ni haikusemwa. Wanaulizwa karatasi inasema nini, na kujua mengi kuliko karatasi kunaweza kuwaponza.

Nililoliona kwa yule binti, na walimu wanaweza kunisahihisha, ni kwamba kusikiliza kulimponya kusoma. Rekodi ilimnyima ruhusa ya kurudi nyuma, akazoea kuchukua maana kwa mafungu, na alipofika kwenye vifungu macho yake yakaacha kurudirudi mstari uleule.

Sasa tutazame wenzetu. Korea Kusini wana mtihani mmoja wa kuingia chuo kikuu, unafanyika kila Novemba. Kwenye Kiingereza kuna maswali 45, na 17 kati ya hayo ni ya kusikiliza. Wakati rekodi hizo zinapigwa, nchi nzima ndege haziruhusiwi kuruka wala kutua, kwa zaidi ya nusu saa, ili mngurumo usimharibie mtoto neno. Mimi kama fundi wa sauti habari hiyo inanigusa sana. Japani waliingiza kusikiliza kwenye mtihani wao wa kitaifa mwaka 2006, kila mtahiniwa akapewa kidude chake cha kuchezea rekodi na spika zake za masikioni, na kikiharibika katikati anapewa nafasi ya kuirudia sehemu ile. Tangu mtihani mpya wa mwaka 2021, kusoma kuna alama 100 na kusikiliza alama 100. Hizo ni nchi ambazo mtoto husoma hisabati na historia kwa lugha yake mwenyewe. Sisi sekondari yote ni Kiingereza, na mtihani wetu wa Kiingereza wa kidato cha nne ni wa karatasi na kalamu kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho.

Simlaumu mwalimu. Ana darasa lililojaa, ana silabasi ya kumaliza, na kisichoulizwa kwenye mtihani hawezi kukipa muda. Kwa hiyo dawa ianzie kwenye mtihani. Baraza la Mitihani la Taifa lifikirie sehemu ndogo ya kusikiliza, hata ya alama chache kwa kuanzia, na utaona shule zinavyotafuta spika.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wachache wanaokwenda nje. Siyo. Mtoto anayebaki hapa nchini, akaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au cha Dodoma, hafanyi IELTS, lakini mhadhara wa kwanza anaoukuta ni wa Kiingereza, ndani ya ukumbi wenye mamia ya watu na kipaza sauti kimoja. Vijana wakija likizo wananiambia wazi: muhula wa kwanza waliishi kwa kunakili daftari za wenzao. Yule aliyelipiwa mkopo na serikali, akapita mihadhara ya miezi kadhaa bila kuishika, hasara yake tunaibeba sote.

Wakati tunasubiri wakubwa waamue, yapo ya kufanya hapahapa. Maktaba ya mkoa ingeweza kutenga saa moja jioni, mara moja kwa wiki, kwa kusikiliza na kusoma kwa saa ya ukutani. Walimu wetu wenyewe warekodi vifungu kwa sauti zao, wa Pangani, wa Lushoto, wa Kilimanjaro, vichanganywe na za Waingereza na Waamerika, ili watoto wasidhani Kiingereza kina mdomo mmoja. Wazazi wenye ndugu ughaibuni waombe rekodi za matangazo ya stesheni, za benki, za hospitali, maana ndizo zinazofanana na sehemu za mwanzo za mtihani.

Mimi nina mchango wangu. Shule yoyote ya sekondari ya serikali hapa mjini, kuanzia Chumbageni hadi Makorora na Pongwe, yenye sabufa, amplifaya au redio kaseti iliyolala stoo, iilete kwangu Barabara ya 12. Sitatoza ufundi, shule itanunua kipuri tu kikihitajika. Nitakuja pia kuipanga spika darasani na kumwonyesha mwalimu namna ya kuweka besi na trebo. Nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana, na ningependa vifaa vifike mapema kabla shule hazijafunguliwa Januari. Walioleta watapewa namba na tarehe ya kuchukua.

Fundi wa redio,
Ngamiani, Tanga