Anayezuia muswada na ajitokeze ukumbini

Ndugu Mhariri,

Kila Seneti ya Marekani inapokwama kwa kukosa kura 60 kati ya 100, zinazohitajika kufunga mjadala ili muswada upigiwe kura, watetezi wa kanuni hiyo huja na hoja ileile: kwamba pasipo kizingiti hicho walio wengi wangefanya watakavyo, na kwamba kizingiti ndicho kinachowakalisha mahasimu meza moja. Sehemu ya kwanza ya hoja naiheshimu, kwani wachache wanahitaji kinga. Sehemu ya pili siikubali, kwa sababu historia ya kanuni yenyewe inaikana.

Kwanza, kura 60 hazimo katika Katiba. Waliokutana Philadelphia mwaka 1787 kuiandika waliijua vizuri theluthi mbili, na walipoitaka waliiandika: kuridhia mikataba, kumtia hatiani rais, kumfukuza mjumbe, kuishinda kura ya turufu, kupendekeza marekebisho ya Katiba. Muswada wa kawaida hawakuuweka humo. Alexander Hamilton, mmoja wao, aliyekuwa ameona Bunge lililotangulia likilemaa, alionya mwaka huohuo kwamba kuwapa wachache uwezo wa kuwapinga wengi ni kuiweka rai ya wengi chini ya rai ya wachache. Akatoa mfano wa Poland, ambako sauti ya mjumbe mmoja ilitosha kusimamisha kila kitu.

Filibasta, yaani kukwamisha muswada kwa kuzuia mjadala usifungwe, ilipenya kwa mlango usiolindwa. Mwaka 1806 Seneti ilifuta kanuni iliyoweza kutumika kukata mjadala, kwa ushauri uliotolewa mwaka uliotangulia na Makamu wa Rais Aaron Burr, kwa kuwa ilionekana haina kazi. Haikuwepo tena njia ya kufunga mjadala kwa kura hadi 1917. Mwaka huo maseneta wachache walizuia muswada wa kuzipa silaha meli za biashara, Rais Woodrow Wilson akawalaani hadharani, na Seneti ikakubali kwamba theluthi mbili wanaweza kufunga mjadala.

Hapo ndipo watetezi hutaja mwaka 1964, na wana haki ya kuutaja. Muswada wa Haki za Kiraia ulipofika Seneti, maseneta wa Kusini wakiongozwa na Richard Russell wa Georgia waliupinga kwa siku 60 za vikao. Kiongozi wa wengi, Mike Mansfield, hakuuweka kando ili shughuli nyingine ziendelee. Seneti ilibaki na muswada huo tu, na nchi nzima ikasikia siku baada ya siku watu wazima wakieleza kwa nini mtu mweusi asihudumiwe hotelini. Wakati huohuo, ofisini kwa Everett Dirksen, kiongozi wa Warepublican, Hubert Humphrey, seneta aliyeusimamia muswada, na wanasheria wa serikali walikuwa wakipitia vifungu kimoja kimoja. Dirksen alipata alichokitaka: majimbo yapewe nafasi ya kwanza kushughulikia malalamiko, na Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu aende mahakamani pale tu panapokuwa na mwenendo wa ubaguzi, si tukio moja moja. Juni 10 mjadala ulifungwa kwa kura 71 dhidi ya 29, Warepublican 27 wakiwa upande wa wengi. Clair Engle wa California, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na hawezi tena kusema, aliletwa ukumbini akaonyesha jicho lake kwa kidole, na kura yake ya ndiyo ikahesabiwa.

Yale yalikuwa maridhiano. Lakini yalipatikana kwa sababu kuzuia kulikuwa na gharama. Waliozuia walichoka na walisikika. Nchi ilijua nani anazuia na kwa sababu gani, na Dirksen alijua kwamba naye atahesabiwa.

Gharama hiyo iliondolewa miaka michache baadaye, na ajabu ni kwamba iliondolewa kwa nia njema. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mansfield na seneta mwenzake Robert Byrd waliweka utaratibu wa njia mbili: muswada uliozuiwa unawekwa pembeni, Seneti inaendelea na mengine. Shughuli zilisonga, lakini kuanzia hapo haikuwa lazima mtu asimame kuzungumza. Kutishia kulitosha. Kisha mwaka 1975 kizingiti kikashushwa kutoka theluthi mbili hadi tatu ya tano, jambo lililoonekana ni nafuu kwa wengi. Tofauti ilikuwa katika maneno machache ya kanuni. Theluthi mbili iliyokuwepo ilihesabiwa kwa maseneta waliohudhuria na kupiga kura. Tatu ya tano inahesabiwa kwa maseneta wote walioapishwa, awe ukumbini au amelala nyumbani kwake. Mzuiaji asipohudhuria, kutokuwepo kwake kunamfaidi. Anayetaka kura ipigwe ndiye anayehangaika kutafuta watu 60. Anayezuia hahitaji hata kuja.

Matokeo yanaonekana katika hesabu. Kati ya 1917 na 1970 hoja za kufunga mjadala hazikufika 100. Katika Bunge moja la miaka miwili, 2021 na 2022, zilizidi 300, nyingi zikiwa za uteuzi wa majaji na maofisa. Kama kizingiti ndicho mzazi wa maelewano, tungetarajia miongo hii iwe ndiyo yenye maelewano mengi kuliko yote. Hakuna anayeifahamu Washington atakayesema hivyo.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Aprili 2013. Miezi minne nyuma watoto 20 na watu wazima sita waliuawa kwa risasi katika shule ya Sandy Hook, Connecticut. Joe Manchin, Mdemokrati, na Pat Toomey, Mrepublican, wote wawili wakipendelea haki ya kumiliki silaha, walikaa wakaandika pamoja pendekezo la kupanua ukaguzi wa wanunuzi wa bunduki. Ni kitu kilekile ambacho kanuni inadaiwa kukizaa: watu wa pande mbili, kila mmoja amelegeza msimamo. Lilipata kura 54 dhidi ya 46, likafa. Wazazi waliofiwa walikuwa wametazama kutoka jukwaa la wageni. Kizingiti hakikuyaleta maelewano yale. Kiliyaua yalipokuja yenyewe.

Na si mara ya kwanza wanyonge kulipa. Muswada wa kuadhibu mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi yaliyojichukulia sheria mkononi ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 1922, ukakwamishwa Seneti. Mwingine ukapita Baraza hilo 1937, nao ukakwama mwaka uliofuata. Seneti iliomba radhi mwaka 2005, na sheria ikasainiwa Machi 2022, karne nzima tangu jaribio lile la kwanza. Basi tunaposikia kwamba kanuni hii inalinda wachache, tuulize ni wachache gani iliowalinda katika miaka ile.

Wahenga walisema wengi wape, usipowapa watachukua kwa mikono yao, na Seneti imelionja hilo. Novemba 2013 Wademokrati chini ya Harry Reid waliondoa kizingiti kwa uteuzi mwingi, na Aprili 2017 Warepublican chini ya Mitch McConnell wakakiondoa kwa Mahakama ya Juu. Sera kubwa za kodi na matumizi sasa hupitishwa kwa utaratibu wa bajeti usiohitaji kura 60, kila chama kwa zamu yake, bila kumtazama mwenzake. Na pale kizingiti kilipobaki, mwaka 2025 serikali ilifungwa kwa siku 43 kwa kukosa bajeti iliyopitishwa, wafanyakazi wakikaa bila mshahara, huku Wademokrati wakidai ruzuku za bima ya afya ziendelezwe. Serikali ilifunguliwa kwa kura 60 dhidi ya 40, na walichopata kuhusu ruzuku hizo ni ahadi kwamba zitapigiwa kura.

Sisemi kinga ya wachache ifutwe. Ninachotaka ni hesabu igeuzwe: wanaozuia ndio waoneshe, kila kura inapoitishwa, kwamba wapo 41 ndani ya ukumbi, wakipungua, muswada upigiwe kura ya wengi wa kawaida. Muswada uliozuiwa ubaki mezani peke yake hadi uamuliwe, ili anayezuia aeleze sababu zake mbele ya waliomchagua. Wapo watakaosema hilo litapoteza muda wa Seneti. Litapoteza, na pande zote mbili zitaumia, ndiyo sababu zitatafuta mapatano mapema zaidi. Katiba haihitaji kuguswa. Kwa kufuata kanuni zenyewe, kufunga mjadala wa badiliko hili kunahitaji theluthi mbili ya wanaohudhuria na kupiga kura, na chama kilicho na wengi leo ndicho kitakachokuwa na wachache kesho. Kwa hiyo wote wana sababu ya kulijadili kabla ya uchaguzi ujao kuwaonesha nani yuko upande upi.

Wako msomaji